Kitovu cha Mtoto Mchanga

Katika mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, njia ni nyembamba, nao punda hupita mchana kutwa wakichukua mchanga, mawe na mizigo ya madukani. Mji umewategemea tangu zamani, wala hapana awezaye kuwalaumu. Lakini katika udongo na katika kinyesi cha punda hukaa vijidudu vya pepopunda, visivyoonekana kwa macho, navyo huweza kuishi humo miaka mingi. Kwa mtoto mchanga, mlango wa kuingilia ni kitovu.

Kitovu kilichokatwa ni kidonda kibichi. Kikikatwa kwa wembe uliokwisha tumika, au kikipakwa majivu, udongo au samadi, vijidudu huingia na kutoa sumu. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza hushindwa kunyonya, taya hukaza, na mwili hukakamaa kila aguswapo. Mara nyingi hayo hutokea kama siku ya 7, na wako wadhanio kuwa amepatwa na shetani. Si shetani. Apelekwe Hospitali ya King Fahd, mjini humo humo, bila ya kukawia.

Kinga yaanza kabla ya kuzaliwa. Mama mjamzito adungwe sindano za pepopunda kliniki, maana kinga yake humfikia mtoto tumboni. Asiyepata kuchanjwa hudungwa mbili, ya pili baada ya majuma 4. Mkunga anawe kwa sabuni. Wembe uwe mpya, na uzi uwe safi. Kisha kitovu kiachwe kikavu, nepi ifungwe chini yake, nacho kitaanguka chenyewe. Bibi atauliza kwa nini hakikupakwa kitu. Aambiwe kwa adabu kwamba hewa yatosha.

Pengine mhudumu hutoa dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovuni. Ipakwe hapo tu! Bomba lake huweza kufanana na la dawa ya macho, na wako watoto waliodhurika macho hata kupofuka kwa kutiwa dawa hiyo. Wanja pia uwekwe mbali, kwa kuwa mwingine una madini ya risasi.

Mtoto akaushwe, alazwe kifuani pa mamaye, anyonye katika saa ya kwanza, wala asiogeshwe kabla ya saa 24. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, yasimwagwe. Na kitovu kikitoa usaha au harufu mbaya, au ngozi pembeni ikiwa nyekundu, arobaini isingojewe: mama na mtoto watoke siku hiyo hiyo waende hospitali.