Vasha: Vumbi ni letu, lakini sherehe ni ya nani?

Kuna wiki moja kila mwaka ambapo Naivasha huacha kuitwa Naivasha. Inaitwa Vasha, basi. Mipango huanza mapema: nani ana gari, nani atachangia mafuta, nani ana binamu Karagita mwenye chumba cha watu wawili kitakacholaza wanane. Madijei wanatangazwa, mabango yanajaa kwa simu, na kila mtu ana jibu ukimuuliza "form ni gani?" Sasa muulize nani alishinda mbio zilizopita. Utaangaliwa kama mwalimu wa zamu.

Kwa kumbukumbu tu: tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia, WRC, Mfaransa Sébastien Ogier alishinda 2021 na 2023, Kalle Rovanperä wa Finland akashinda 2022 na 2024, na Elfyn Evans wa Wales akashinda 2025. Wote kwa Toyota. Haya, sasa una kitu cha kusema ukikutana na babake demu wako.

Siwacheki wanaoenda Vasha kwa sherehe pekee. Mbio zenyewe ni sekunde chache: gari linapita, vumbi linakumeza, unangoja lingine. Sherehe ndiyo inayokaa siku nne. Na ukiangalia vizuri, utaona kwamba sisi wa Bonde la Ufa tuna karnivali yetu, sawa na zile za Trinidad na Barbados. Hatuvai manyoya wala shanga, lakini mambo yanayozipata karnivali za Karibiani yanatupata sisi pia. Wenzetu wametutangulia tu.

Sherehe ya bwana mkubwa

Karnivali ya Trinidad haikuanza na watu tunaowaona wakicheza leo. Mwishoni mwa karne ya 18, walowezi Wafaransa waliokuwa na mashamba ya miwa walikuwa wakifanya dansi za kuvaa vinyago kabla ya Kwaresima. Watumwa hawakualikwa. Utumwa ulipokomeshwa, sheria ikianza kutumika 1834 na uhuru kamili ukifika 1838, waliokuwa watumwa waliibeba sherehe ile barabarani na kuigeuza yao, kwa mienge, ngoma na nyimbo. Serikali ya kikoloni haikupenda. Mwaka wa 1881 polisi walijaribu kuwazima mjini Port of Spain na vita vikazuka. Ngoma zikapigwa marufuku. Watu wakahamia kwa vipande vya mianzi, baadaye mikebe ya biskuti, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 wakawa wanagonga mapipa ya mafuta mpaka yakatoa noti. Hapo ndipo ilipozaliwa ala inayoitwa steelpan.

Sasa rudi nyumbani. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hebu fikiria hali ilivyokuwa huku kwetu mwaka huo. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungulia zaidi ya mahabusu 100. Miezi miwili baadaye, mabwana wakawasha magari yao kwa heshima ya Malkia.

Hiyo ndiyo sherehe tuliyorithi. Na kama watu wa Trinidad, tuliichukua na kuifanya yetu.

Tuliifanyaje yetu? Muulize mzee yeyote aliyekulia kando ya barabara ambako Safari ilipita. Kwa miongo mingi ilikuwa mbio za Pasaka, na ilipita kwenye barabara za kawaida, zile zile za mat na trekta za maziwa. Hukuhitaji kwenda kuitafuta. Ilikuja mpaka kwenu. Ulisimama pale kwa geti ukingoje. Gari likikwama kwa matope, kijiji kizima kililisukuma. Watoto walikunja waya na mikebe, wakajitengenezea rally yao. Na hatukuwa mashabiki tu. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho 1932, aliishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta aliishinda mara tano. Ian Duncan alishinda 1994, na mwaka huo huo Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru.

Lile 555 kwenye gari lako

Kabla mtu hajaniambia kwamba zamani ilikuwa safi na biashara imeingia juzi, subiri.

Unaijua ile Subaru ya bluu yenye nambari 555 ya manjano? Mjini Nax utaona magari na hata nduthi zimebandikwa nambari hiyo, na wikendi ya Vasha ndiyo usiseme. Wengi hudhani ni jina la modeli au nambari ya bahati. 555 ilikuwa chapa ya sigara. Kampuni ya sigara ndiyo iliyofadhili timu ya Subaru miaka ya 1990, na Colin McRae alipoishinda Safari 1997 alikuwa ndani ya tangazo linalokimbia. Karibu miaka thelathini baadaye, kijana ambaye hata havuti analipia stika mwenyewe ili alitangaze tena. Bure.

Kwa hivyo pesa zilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni mahali ulipo wewe. Zamani kampuni ilibandika jina lake kwa gari, na gari likapita kwenu. Siku hizi kampuni inanunua uwanja, inaweka hema, na wewe ndiye unayepita kwao.

Mabadiliko haya yana historia yake. Safari ilikuwa kwenye WRC tangu mwaka wa kwanza wa mashindano hayo, 1973, mpaka 2002 ilipokatwa. Iliporudi Juni 2021, baada ya Corona kuahirisha ile ya 2020, ilirudi kwa masharti ya dunia ya leo. Hakuna tena mbio kwenye barabara zilizo wazi. Kila sehemu ya mashindano lazima ifungwe, ipimwe na ilindwe. Ndiyo maana mbio zikahamia kwenye mashamba makubwa na hifadhi za huku kwetu: Loldia, Kedong, Soysambu, Sleeping Warrior, na kumalizia Hell's Gate. Kwa usalama, hilo ni jambo zuri, na sitaki kurudi enzi za gari la mbio kukutana na ng'ombe kwenye kona. Ila matokeo yake ni kwamba rally imetoka kwa geti la nyanya yako ikaingia kwa ua la mtu mwingine.

Hata tarehe si yetu. Mwaka wa 2021, 2022 na 2023 ilikuwa Juni. Mwaka wa 2024 ikarudi Pasaka, na 2025 ikawa Machi 20 hadi 23. Kalenda inapangwa kulingana na mbio za Sweden na Japan na kwingineko. Mwenye kibanda cha smokie Naivasha anaisoma mtandaoni kama wewe na mimi.

Kamba

Huko Trinidad kuna kitu kimoja kidogo kinachoeleza kila kitu: kamba. Makundi makubwa ya karnivali hutembea barabarani yakiwa yamezungukwa na kamba inayoshikwa na walinzi. Ukiwa umelipia vazi, uko ndani, na bei yako imejumlisha vinywaji, chakula na ulinzi. Ukiwa hujalipa, uko nje, hata kama hiyo barabara ni ya mtaa wenu na babu yako ndiye aliyepigania haki ya kuicheza. Mafundi waliokuwa wakikunja waya na kushona mavazi kwa miezi wamepungukiwa na kazi, kwa sababu vazi la leo ni sidiria, shanga na manyoya, na vitu vingi vyake hutengenezwa Uchina. Wapo wanaosema potelea mbali, pesa zinaingia na watu wana raha. Wapo wanaolia kwamba sherehe imekuwa moja kila mahali: vazi lile lile Port of Spain, Bridgetown, London na Miami.

Kamba yetu ni bangili ya karatasi ya kufunga mkononi. Najua kwa sababu nimeifunga kwenye mikono ya watu. Baada ya kuachana na chuo, nilipata kibarua cha siku tatu kwenye hema moja Vasha. Kazi yangu ilikuwa kuangalia majina, kufunga bangili na kutabasamu. Ndani kulikuwa na bia, choma na spika kubwa kuliko chumba changu. Niliowafunga bangili walitoka Nairobi karibu wote. Vyombo vya muziki, mahema, mpaka barafu, vilikuja na lori kutoka Nairobi. Malipo yangu yaliingia baada ya wiki saba, tena yakiwa yamekatwa pesa ya fulana niliyolazimishwa kuvaa. Tulikuwa vijana wengi, na kila mmoja alikuwa mtu wa kaunti hii.

Sisemi Naivasha haipati kitu. Watu wa nduthi wanasukuma mpaka usiku. Mwenye bucha anachinja zaidi, na mwenye chumba cha ziada anakilaza kwa bei ambayo siku nyingine angeionea aibu. Lakini kila kinachopandishwa kwa mgeni kinampata mwenyeji pia. Mfanyakazi wa shamba la maua anayetoka Karagita alfajiri hana bangili, ila nauli ikipanda inampandia. Barabara ya Nairobi–Nakuru ikisimama, inasimama pia kwa anayepeleka mgonjwa. Halafu Jumapili jioni mahema yanakunjwa, lori linarudi lilikotoka, na chupa zinabaki.

Kila mwaka wazee hutuhubiria kuhusu ulevi na maadili ya Vasha. Sawa, tumesikia. Natamani mara moja tu wahubiri kuhusu hesabu: nani aliuza, nani alinunua, nani alifagia.

Ni nini tunachotengeneza?

Hapa ndipo Karibiani inanipa moyo. Biashara haikuua kila kitu kule, na waliosalimika ni wale walioendelea kutengeneza kitu. Steelpan, ile ala iliyotoka kwa mapipa yaliyotupwa, bado ina mashindano yake, Panorama, tangu 1963. Bendi zinafanya mazoezi mitaani usiku kwa wiki nyingi, na mtoto wa mtaa anajifunza pale. Mwaka wa 2023 Umoja wa Mataifa uliitangaza Agosti 11 kuwa siku ya steelpan duniani. Huwezi kuagiza hicho kwa kontena. Barbados nao sherehe yao ya Crop Over, iliyotokana na kumalizika kwa mavuno ya miwa, ilikuwa imekufa, ikafufuliwa 1974 hasa kwa ajili ya watalii. Kwa hivyo hata sherehe iliyofufuliwa kwa pesa inaweza kuwa ya watu, mradi watu wawe na mkono ndani yake.

Sisi tuna nini? Tuna mafundi. Pita karakana yoyote ya jua kali hapa Nakuru uone kijana wa miaka 22 akiteremsha injini ya Subaru bila kitabu. Tuna wapaka rangi wa mat. Tuna wachoraji na wanamuziki wa hapa, ambao majina yao huwa chini kabisa ya bango, kwa maandishi ya kuchungulia, kama yapo. Tuna madereva pia: McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipelekwa kushindana kwenye WRC ya vijana. Kati ya hao watatu na yule fundi wa karakana kuna shimo kubwa linaloitwa pesa, na hakuna hema lililowahi kuwekwa ili kulijaza.

Mkataba uliotangazwa 2021 ulikuwa wa kuiweka Safari kwenye WRC hadi 2026. Mijadala ya mikataba kama hii hufanyika Nairobi na Ulaya, na huzungumzia kama kuna faida kwa nchi. Swali la mtu wa Nax ni dogo zaidi. Kampuni inayopewa kibali cha kuweka hema katika kaunti hii, iambiwe iajiri wangapi wa hapa, na iwalipe lini. Nafasi za vibanda zitolewe hadharani, na mama wa chapo asisukumwe mpaka nyuma ya vyoo. Msanii wa hapa apewe saa tatu usiku, watu wakiwepo, si saa nane mchana akiimbia viti. Na iwepo siku moja ya karakana zetu: injini, rangi, hata yale magari ya waya, na zawadi ya maana kwa mshindi.

Hayo hayahitaji ruhusa ya Ulaya. Vibali vya kaunti vinatolewa hapa Nakuru, kwenye ofisi ambayo unaweza kuifikia kwa mat.

Na wewe unayepanga form ya Vasha ijayo, enda, jibambe. Ila kula kwa mtu wa pale, lala kwa mtu wa pale, na kabla hujabandika 555 kwa bampa, muulize fundi wa mtaani kwenu kama ana nambari yake mwenyewe.