Neno la mtaalamu laweza kumwinua mgonjwa wa uti wa mgongo

Ikiwa una jamaa aliyeumia uti wa mgongo, huenda umeshangaa kumwona akikataa mazoezi. Jana aliinua mikono vizuri, leo amejifunika blanketi na hataki kusema na mtu. Kabla ya kumwita mvivu, sikiliza jinsi anavyosemeshwa.

Jeraha hili, ambalo aghalabu hutokana na ajali za barabarani au kuanguka, hukatiza mawasiliano baina ya ubongo na viungo. Kwa siku moja tu, mgonjwa aweza kupoteza nguvu za miguu, hisia za ngozi na uwezo wa kuzuia haja. Swali lake la kwanza ni, "Nitatembea tena?"

Mtaalamu wa viungo akijibu, "Utatembea tu, usijali," na ahadi isitimie, hataaminiwa tena. Akisema, "Sahau miguu," mgonjwa ataona mazoezi hayana maana. Afadhali aseme ukweli: "Wiki hizi za kwanza ni mapema kujua kwa hakika. Tutakupima tena. Kwa sasa, ungependa kuanza kujifanyia nini mwenyewe?"

Swali hilo lina nguvu. Anayetaka kurudi dukani kwake atajifunza kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu akijua sababu yake.

Maelezo nayo yawe wazi. "Jigeuze kila baada ya saa mbili" ni amri, na amri husahaulika. Lakini mgonjwa akielezwa kwamba ngozi isiyo na hisia haimwonyi inapobanwa, na kwamba kidonda cha kulalia chaweza kumrudisha hospitalini kwa miezi, atakumbuka kugeuka au kuomba ageuzwe.

Tena mtaalamu asitosheke kuuliza, "Umeelewa?" Wengi hujibu, "Ndiyo, daktari," kwa heshima tu. Amwombe mgonjwa aonyeshe au aeleze kwa maneno yake.

Wewe unayemwuguza una sehemu yako. Andikeni maswali kabla ya siku ya kliniki. Kiingereza kikiwatatiza, ombeni kuelezwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani. Na mtaalamu akikugeukia wewe na kumwacha mgonjwa kando, mwambie kwa upole, "Tafadhali mwulize mwenyewe."

Miguu huenda isirudi kama zamani. Lakini mtu aliyeambiwa ukweli na kuulizwa anachotaka ana sababu ya kufunua blanketi kesho na kuanza tena.