Mlima wa Magadi, Mlima wa Majivu

Mwaka wa kwanza mhadhiri alituuliza: lava ya Ol Doinyo Lengai ni nyepesi sana, inatiririka karibu kama maji. Sasa mbona mlima wenyewe umechongoka hivyo? Mimi huyo, nikanyoosha mkono kwa mbwembwe: "Inaganda haraka!" Darasa zima likacheka. Swali likabaki nami hadi tulipokwenda fildi.

Lengai uko kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron, na kilele chake kipo mita 2,962. Kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Tulianza kupanda usiku wa manane, kwa sababu jua la kule halina huruma na njiani hakuna kivuli. Unapiga hatua mbili, unateleza moja. Si mchezo!

Kulipopambazuka, nikaona jibu kwenye ukuta wa korongo: majivu yaliyoshikamana, tabaka juu ya tabaka. Kumbe ile lava maarufu ni sehemu ndogo tu ya mlima. Ina magadi mengi, joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati lava ya kawaida ya basalti hupita 1,000. Hutoka nyeusi kama oili chafu, kisha ikinyonya unyevu hugeuka nyeupe. Ndiyo maana wageni hudhani kileleni kuna theluji. Lakini kilichojenga mlima ni milipuko mikubwa iliyorusha majivu na mawe, yakarundikana kuzunguka tundu lake.

Karibu na ukingo wa kreta, mwenzetu mmoja alitaka kusogea apige picha. Kiongozi wetu, mzee wa Kimaasai, akamshika mkono: "Kijana, huu mlima unanyamaza, haulali."

Hakuwa anatutisha. Mwaka 2007 ardhi ilitetemeka hadi Nairobi, na Septemba mlima ukaanza kulipuka kwa nguvu. Uliendelea hadi 2008, majivu yakiangukia malisho ya watu wanaoishi chini yake.

Basi wadau, mkienda kule msidanganywe na lava inayotiririka taratibu. Umbo la mlima ndilo historia yake, na historia hiyo ni ya milipuko. Mimi jibu hilo nililikosa darasani. Afadhali kulikosa darasani kuliko kulikosa pale ukingoni.