Wufa ya Kwanza: Geuza Ucheki Mgongo

Mtoi wa siz yangu ako na miaka 15 na anadai wufa yake, si ya kuazima. Ganji ameitoa holi ya Disemba, akivuna kahawa kwa majirani hapa Kaaga, debe kwa debe. Doo ya jasho hivyo haifai kuliwa na boksi.

Juu boksi hudanganya, manze. Tulishuka Meru tao tukapata moja imeandikwa wati 12,000. Nikamshow ageuze mashine acheki mgongo. Huko, maandishi madogo kando ya waya ya stima: 60W. Hiyo ndiyo stima inakula. Sasa itatapika aje kushinda kenye imekula? Hata plagi yetu ya pini tatu ni ampea 13. Zidisha na volti 240, unapata kama wati 3,100 pekee. Ile namba ya boksi huitwa PMPO, na kila kiwanda hupika yake. Yenye unatafuta ni RMS, nguvu spika inabeba wimbo baada ya wimbo bila kuungua. Wati 20 za ukweli zinatosha keja ya mtoi, na zinabaki.

Usikubali ngoma ya duka. Waliichagua juu inabeba mashine yao. Sisi tulienda na simu yetu: gengetone kwanza, tuskie kama besi inadunda kavu ama inavuma tu, alafu mugithi, gitaa na sauti ya mtu. Ile kubwa ya wati 12,000 ilimeza maneno yote. Ya pili, kadogo, boksi ya mbao, tukaskia hadi vidole vikitereza kwa nyuzi. Mtoi akanyamaza. Alafu, "Anko, hii."

Spika za ex-UK pia ni moto, zingine kushinda mpya. Lakini toa kitambaa uguse ile sponji ya ukingo. Ikimeguka kama mandazi ya jana, wachana nayo.

Keja ni ya mbao na mabati. Tulipoweka wufa kwa kona besi ilifura, mabati ikaanza kulia, so tukaisongesha mbali na ukuta. Upande ule mwingine kuna mtoto mchanga. Ikifika saa tatu usiku mtoi anapunguza mwenyewe, anasonga hadi sikio iko karibu na spika, anaskiza gitaa.