Mzigo Unaojifungasha Wenyewe

Sufuria lililoganda mafuta halitakati kwa maji matupu. Tia sabuni, mafuta yanaachia. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Mikia hukimbilia katikati pamoja na mafuta, vichwa vikabaki nje, na kibonge kikajiunda bila mkono wa mtu. Kibonge hicho huitwa miseli.

Ujuzi huohuo unatumika kusafirisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Mwenye ugonjwa wa Gaucher amezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja tu, na mafuta yasiyovunjwa humrundikia kwenye ini na wengu. Tangu 1991 Marekani imeruhusu apewe kimeng'enya hicho kwa dripu. Shida ni kwamba protini ikiingia kwenye damu bila kinga haidumu: hukatwakatwa, au kingamwili huiona adui.

Mwaka 1998 Atsushi Harada na Kazunori Kataoka wa Japani waliifungasha protini kwa chaji za umeme. Walichukua lisozaimu, kimeng'enya cha ute wa yai kinachoshambulia bakteria; hata machozi yetu yana lisozaimu. Ina chaji chanya. Wakaichanganya na nyuzi za polima zenye upande wa chaji hasi na upande unaopenda maji. Hasi ikaikumbatia chanya, upande wa pili ukabaki nje kama manyoya, na vikatokea vibonge vya nanomita makumi machache. Unywele wako una upana wa nanomita 80,000 hivi.

Lakini kinachoshikwa na chaji huachanishwa na chumvi. Mwaka uliofuata walionyesha hivyo: lisozaimu iliyofungwa haikuwafikia bakteria wa majaribio, lakini chumvi ilipoongezwa, miseli zikavunjika na lisozaimu ikarudi kazini. Ni jaribio zuri mno, ila kwa mgonjwa ni hatari, kwa sababu damu ina chumvi. Dripu ya chumvi ya hospitalini, gramu 9 kwa lita, imepimwa kulingana nayo. Mzigo ungefunguka njiani.

Ndiyo maana watafiti sasa huongeza vifungo vya kemikali vinavyostahimili chumvi lakini vinavyokatika penye asidi. Damu ina pH ya 7.4, lakini ndani ya seli kuna vifuko viitwavyo laisosomu, vyenye pH ya 5 hivi, yaani vyenye asidi. Na kwa mgonjwa wa Gaucher, mafuta yamerundikana humohumo.