Lango la Kapkenduiyo haliko kwenye filamu

Karibu na stesheni ya Kamakurakokomae, kusini mwa Tokyo, kuna mahali ambapo barabara inakata reli na bahari inaonekana nyuma yake. Garimoshi la kijani likipita, vijana huinua simu kwa pamoja. Wanaisaka picha waliyoiona katika Slam Dunk, anime ya mpira wa kikapu iliyoanza kuonyeshwa 1993. Wajapani huziita safari hizi seichi junrei, yaani hija ya mahali patakatifu. Mtu wa Lamu angezielewa upesi, kwa kuwa kwao kuna ziara: mtu hufunga safari kwenda kusimama pale mtu mwema alipolazwa.

Hija hii imezaliwa na kazi ya wachoraji. Kabla ya kuchora, watayarishaji wengi hutoka na kamera wakapiga picha za ngazi, vituo vya garimoshi na nguzo za umeme, kisha mandhari huchorwa kwa kuzifuata. Ndiyo maana shabiki wa Your Name, filamu ya Makoto Shinkai ya 2016, anaweza kusimama kwenye ngazi za hekalu la Suga jijini Tokyo na kuona hata vyuma vya kushikia viko palepale. Mahali palitangulia, mchoro ukapafuata.

Eldoret tunayo hadithi iliyozunguka dunia, ila picha yake ilipigwa kwingine. Tarehe 12 Januari 2004, Mzee Kimani Maruge, aliyepigana Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo. Alikuwa na miaka 84. Serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla, naye akaliamini tangazo hilo kama lilivyotamkwa. Akavaa kaptura na soksi ndefu, akakaa dawatini na watoto. Mwalimu mkuu, Jane Obinchu, alimpokea. Septemba 2005 Mzee alikuwa New York, akiuhutubia Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure.

Filamu inayosimulia hadithi yake, The First Grader, ilitoka 2010, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Oliver Litondo aliigiza Maruge, Naomie Harris akawa mwalimu. Mwongozaji, Justin Chadwick, aliipiga humu humu Kenya, katika Bonde la Ufa, lakini si Kapkenduiyo. Anayeijua Uasin Gishu, kaunti ilimo Eldoret, huona tofauti mara moja: kwenye filamu kuna nyika kavu na vumbi, ilhali Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, nchi ya mahindi na baridi ya asubuhi.

Je, mgeni aliyeipenda filamu aende wapi? Shabiki wa anime angetafuta mahali kamera iliposimama. Mimi namwelekeza Kapkenduiyo bila kusita. Hatapata fremu ya kulinganisha, na hilo halinisumbui hata kidogo, kwa sababu uzito wa hadithi hii uko kwenye lango ambalo mtu wa kweli aliliingia, si kwenye pembe ya kamera. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Mzee aliishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kilomita nne kutoka shuleni, na bado alihudhuria masomo. Kilomita hizo nne ni kipande cha safari ambacho ningependa wageni wakitembee kwa miguu, polepole, kabla ya kuzungumza lolote.

Ila ile ni shule, na watoto wanasoma. Japani kwenyewe wakazi wa Kamakura wamechoshwa na umati unaojaa barabarani. Basi mgeni aanzie ofisini, apate ruhusa ya mwalimu mkuu, na asiwapige watoto picha. Akiruhusiwa, na aje Januari shule zinapofunguliwa, mapema asubuhi, wakati wale wadogo kabisa wanapoingia darasani kwa mara ya kwanza, wengine wakilia, wengine wakikataa kuuachia mkono wa mama.