Alhamisi Saa Mbili Usiku: Bando, Mchango na Mkutano Usiokufa

Wiki ya kwanza wanaingia watu ishirini. Wiki ya pili wamebaki kumi na wawili. Kufika wiki ya sita mko watatu, na mmoja kati yenu anaongea dakika nne nzima maiki yake ikiwa imezimwa. Wiki ya saba hakuna anayetuma kiungo cha mkutano, na hakuna anayeuliza kiko wapi.

Kikundi chetu cha chuo kilikufa hivyo hivyo. Mimi nilisomea masoko, si kompyuta. Niliingizwa kikundini kutengeneza mabango, halafu kwa sababu nilikuwa najibu meseji haraka, nikafanywa mweka hazina. Kila mwanachama alinitumia shilingi mia moja kwa mwezi ya bando. Pesa zikaingia kwenye simu yangu, zikakaa pamoja na nauli yangu, pesa yangu ya chakula na mia mbili niliyokuwa nadaiwa na rafiki. Siku mwenzetu mmoja aliuliza, "Kwani tuko na ngapi?", nilishindwa kujibu. Sikuwa nimeiba hata shilingi. Lakini sikuweza kuonyesha, na ukishika pesa ya watu, kuiba na kushindwa kuonyesha hufanana sana.

Nimekumbuka hayo kwa sababu ya swali linalotujia mara kwa mara kutoka upande wa Nyanza Kusini: vijana wanaoandika programu huria, wamesambaa Migori, Rongo, Homa Bay na Mbita, wanataka kukutana mtandaoni kila wiki. Wafanyeje ili mkutano udumu? Kama wewe si mwandishi wa programu, endelea kusoma tu. Chama chako kikikutana kwa simu, shida ni zile zile.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Na usidhani ni mambo ya Marekani peke yake. Mojawapo ya zile kubwa zaidi duniani katika afya, OpenMRS, mizizi yake iko Eldoret. Mwaka wa 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walianza kuifikiria baada ya kuona jinsi kliniki za huko zilivyolemewa na rekodi za wagonjwa wa VVU. Hamish Fraser wa Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini wakaungana nao. Kufikia 2006 ilikuwa inafanya kazi Eldoret, kisha Rwanda. Watu hao walikuwa nchi tofauti na mabara tofauti, kwa hiyo tangu mwanzo kazi yao iliendeshwa kwa kuandikiana na kupigiana simu kwa ratiba. Mpaka leo jumuiya ya OpenMRS ina mikutano ya mtandaoni ya kila wiki. Yeyote anaweza kuingia, ajenda iko wazi na kumbukumbu zinahifadhiwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Sasa lete habari nyumbani. KenyaEMR, mfumo unaotumiwa na mamia ya vituo vya afya nchini kuhudumia watu wanaoishi na VVU, vikiwemo vya Nyanza, umejengwa juu ya OpenMRS. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 uliweka maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 hadi 64 kuwa asilimia 4.9 nchini kote. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, Migori asilimia 13.0. Maana yake ni kwamba karani wa kliniki ya Ndhiwa akibonyeza kitufe na skrini ikaganda, foleni iliyoko nje ni ya watu wengi. Kijana wa hapo anayejua kuandika programu, na anayeweza kuona hiyo skrini kwa macho yake, ana neno la kusema kwenye mkutano. Asipokuwepo, atasemewa na mtu ambaye hajawahi kufika Rodi Kopany.

Ndio maana mkutano wa wenyeji unafaa, hata kama ule mkubwa wa dunia upo. Ule mkubwa ni wa Kiingereza na wengi huona haya kufungua mdomo. Mkiwa wenyewe mtaongea Kiswahili, Dholuo, Kikuria, mtakosea na mtacheka. Kisha mmoja wenu anabeba lile mlilokubaliana na kulipeleka kule.

Kwanza, saa

Usiandike "saa tatu" peke yake. Najua inaonekana ni jambo dogo. Lakini kuna atakayesoma saa tatu asubuhi, kuna atakayesoma saa tatu usiku, na yule aliyezoea saa za Kiingereza ataingia saa tisa alasiri na kukuta chumba kitupu. Andika hivi: "Alhamisi, saa mbili usiku, 20:00." Hapo hakuna wa kubishana.

Mikutano ya kimataifa hutangazwa kwa saa za UTC. Kenya iko saa tatu mbele, kwa hiyo 15:00 UTC kwetu ni 18:00, saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Shida inakuja mkutano ukipangwa kwa saa za New York au London. Wamarekani husogeza saa zao Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wazungu wa Ulaya nao husogeza mwisho wa Machi na kurudisha mwisho wa Oktoba. Sisi hatusogezi chochote. Mkutano wa saa nne asubuhi ya New York utaukuta saa kumi na moja jioni mwezi wa Julai, na saa kumi na mbili jioni mwezi wa Januari. Wengi hukosa mkutano wa Novemba kwa sababu hii tu, halafu wanafikiri umefutwa.

Bando, na Alhamisi ya tano

Hapa ndipo mikutano mingi hufia, kwa hivyo tuhesabu polepole.

Tuseme mko kumi na wawili. Sita wana intaneti ya kazini au ya nyumbani. Sita wanahitaji bando, na bando la shilingi 50 linawatosha kwa kikao kimoja. Hiyo ni shilingi 300 kila Alhamisi. Mkipiga hesabu ya wiki nne kwa mwezi mnapata 1,200, basi kila mtu achange mia moja, mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Mwaka una Alhamisi 52, na mara nyingine 53, si 48. Kuna miezi minne, au hata mitano, yenye Alhamisi tano. Mkichanga mia moja mtapata 14,400 kwa mwaka, lakini mtatumia 15,600. Upungufu ni shilingi 1,200, na hautaonekana Januari ukija. Utaonekana ghafla kwenye mwezi wenye Alhamisi tano, wakati mtu wa Mbita amekaa akingoja bando ambalo halitafika. Hatauliza. Atanyamaza, wiki ijayo atanyamaza tena, na hivyo ndivyo watu ishirini hugeuka kuwa watatu. Mkichanga 120 mtapata 17,280, na baada ya bando mnabaki na 1,680 ya ada na dharura.

Ada nazo msizidharau. Watu sita kwa wiki 52 ni miamala 312. Kila shilingi moja ya ada kwa muamala mmoja ni shilingi 312 kwa mwaka. Kabla hamjaamua, angalieni jedwali la ada la huduma mnayotumia, maana kiwango cha 100 na cha 101 wakati mwingine hakilingani. Njia nafuu mara nyingi ni kununua bando moja kwa moja kwa namba ya mwanachama badala ya kumtumia pesa. Pia inamwepusha na majaribu. Shilingi 50 ikiingia kama pesa saa moja usiku karibu na mtu wa chapati, tusidanganyane.

Na punguzeni ulaji wenyewe. Mkutano wa sauti peke yake hula chini ya MB 100 kwa saa. Video ya watu wengi inaweza kupita GB 1 kwa saa hiyo hiyo. Salimianeni kwa kamera dakika moja, kisha zimeni zote isipokuwa ya anayeonyesha kazi yake. Zoom ya bure hukata mkutano dakika 40 zikiisha, na Google Meet ya bure huupa mkutano wa watu zaidi ya wawili saa moja. Jitsi Meet ni programu huria, kwa hiyo ina raha yake kuitumia kwa kazi hii. Anayefungua chumba ndiye pekee anayehitaji akaunti, wengine wanaingia kwa kiungo.

Neno moja kwa wa Muhuru Bay na Isebania: simu yenu huweza kudaka mnara wa Tanzania bila kukuuliza, na data ya ng'ambo hula salio kama moto wa nyasi kavu. Chagua mtandao wako mwenyewe kwenye mipangilio ya simu kabla ya kuingia mkutanoni, usiache simu ichague.

Pesa iwe wazi kama msimbo

Mngeshangaa jinsi watu wanaoacha kazi yao yote wazi mtandaoni, kila mstari una jina la aliyeuandika na tarehe, wanavyoweka mchango wao gizani kwenye simu ya mtu mmoja.

Kama huduma yenu ina akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha pesa kutoka, fungueni hiyo. Kama bado, chukueni laini ya kikundi ambayo haina matumizi mengine, na msiiunganishe na mkopo wowote wa simu. Mkopo ukichukuliwa kwa laini hiyo, mchango utakaoingia unaweza kukatwa kulipa deni. Mweka hazina ashike namba ya siri yeye peke yake, lakini taarifa ya miamala iwekwe kwenye kundi la WhatsApp kila mwisho wa mwezi, yote, bila kuchagua, isipokuwa namba za simu za watu. Ziwekwe jina na kiasi tu.

Kisha kila Alhamisi, kabla ya jambo lingine lolote, mweka hazina asome mambo matatu: salio la wiki jana, kilichoingia, kilichotoka. Sekunde thelathini. Sisi tungefanya hivyo chuoni, lile swali la "tuko na ngapi?" lisingeulizwa kwa sauti ile.

Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, msimpigie aliyepokea mkimtisha. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa uthibitisho. Kila dakika inayopita inampa mtu nafasi ya kuzitoa kwa wakala.

Na mjihadhari na wanaonusa. Kikundi kikijulikana, atatokea mtu wa kuwauzia "nafasi" ya kulipwa kwa kuandika programu huria, atume tu elfu mbili ya usajili. Google Summer of Code ipo kweli, ilianza 2005, na OpenMRS imeshiriki miaka mingi, lakini mwombaji halipi ada yoyote. Mikutano ya OpenMRS nayo ni bure. Anayetaka pesa ili akupe kiungo ni mwizi. Na akikupigia mtu akisema anatoka kwetu na anahitaji namba yako ya siri, kata simu. Hatuulizi.

Kikao chenyewe

Hiki ni kifupi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hesabu ya pesa, kila mtu dakika mbili: nimefanya nini, nitafanya nini, nimekwama wapi. Hilo la tatu ndilo lenye nyama. Aliyekwama hatatuliwi hapo hapo mbele ya watu kumi na mmoja wanaokula bando. Anatafutiwa mtu mmoja wa kubaki naye baadaye. Halafu mwanachama mmoja aonyeshe kazi, hata ikiwa nusu. Dakika arobaini zinatosha.

Mwandishi wa kumbukumbu abadilike kila wiki, na kumbukumbu zitoke usiku huo huo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilitambaa. Siku kama hiyo hakuna mkutano wa sauti, lakini kila mtu anaweza kutuma mistari mitatu ya maandishi kwenye kundi, na wiki ikahesabiwa. Stima ikipotea Homa Bay ni vile vile.

Mkiweza, panga Alhamisi moja kwa miezi mitatu mwonane ana kwa ana. Rongo ni katikati kwa wengi wenu, na mtu wa Mfangano aambiwe mapema kwa sababu ana boti ya kusubiri. Nauli yake itoke kwenye ile 1,680. Na chagueni naibu wa kufungua chumba, awe na kiungo na ajenda kwenye simu yake, ili bando la mwenyekiti likiisha katikati ya sentensi, yeye aseme tu, "Tunaendelea, nani anafuata?"